Kamba Iliyochomwa na Fundo Lake

Kila uchungu wa kuzaa ulipoanza, kulikuwa na mtu wa kuuzima. Fabiola alishika ukingo wa meza, kiuno kikianza kukaza, ndipo nyuma ya mlango wa jikoni akasikia sauti ya mwanamke ikimbembeleza angoje, "Ngoya. Ngoya." Uchungu ukakatika kama maji ya bomba pale mtaani kwao Kasha. Alipofungua mlango hapakuwa na mtu, ila harufu ya majani ya mgomba yanayoungua.

Tarehe ya kujifungua aliyopewa na daktari ilikuwa imepita zamani. Majirani walishamchosha na swali lao: bado tu? Bado tu! Kana kwamba amemficha mtoto kwa ubahili. Aliyemkera kuliko wote ni mama mkwe wake, Apolline, ambaye akisikia neno hospitali alishika rozari.

"Docteur anataka kunitia serum ya kuamusha uchungu," Fabiola alimwambia asubuhi hiyo.

"Ya nini? Mimi nilizala saba, hakuna mutu alinisukuma. Mutoto anajua siku yake. Ngoya, mwanangu."

"Nilishangoya, maman! Hachezi tena kama zamani. Nilipoteza mimba mbili, hii sitaipoteza ju ya kungoya!"

Gentil, mumewe, alikuwa Kalehe kazini. Fabiola hakumsubiri. Aliita teksi, na Apolline akapanda nyuma akinung'unika.

Hospitalini mkunga, Monique, alitundika serum, dripu ya dawa. Mvua ikapiga mabati, dawa ikaongezwa, tumbo likanyamaza tu.

"Sielewi," Monique alisema, sikio likiwa tumboni. "Moyo ya mutoto iko inapunguka. Itabidi wakupasue, lakini kuna mama mwingine ku meza ya kupasulia. Naenda kuwaharakisha."

Alipotoka tu, harufu ya mgomba unaoungua ikaingia chini ya mlango, ikapanda kitandani, na Fabiola akahisi mikono miwili asiyoiona, baridi, ikijipanga tumboni mwake, mmoja juu na mmoja chini, kama mtu anayeshika mtungi usimwagike, huku ile sauti ikimnong'oneza sikioni, ngoya, ngoya, na matone ya serum yakasimama ndani ya mpira, yasishuke tena.

Apolline, kando ya kitanda, naye alikuwa ameisikia. Akaiweka rozari chini.

"Ni mimi nilimuita," alinong'ona. "Mimba hii ilipoingia, nilienda ku kisiwa ya Idjwi kwa mama moja muganga. Akafunga kamba ya mugomba, akaambia muzimu ashike mimba isitoke mpaka mimi nifungue fundo. Kisha nikaungama kwa padri, nikasikia haya, nikachoma kamba."

"Ulifungua kwanza?"

"Hapana. Niliichoma na fundo yake."

Hasira ilimpanda Fabiola hadi ikauzidi woga. Miezi yote hii ngoya, ngoya, na fundo alilifungisha yeye!

"Basi umuambie aachilie! Wewe ndiye anakujua!"

Apolline akapiga magoti sakafuni. "Achilia mutoto," alisema. "Kama unataka kushika, shika mimi."

Mikono ikaondoka. Uchungu ukaja wote kwa mpigo mmoja, Fabiola akapiga kelele, Monique akarudi mbio, na kabla mvua haijakatika mtoto wa kike akalia.

"Maman," Fabiola aliita akicheka na kulia, hasira yote imemwisha, "kuya umushike mujukuu wako."

Apolline alikuwa bado amepiga magoti. Alijaribu kuinuka, asiweze. Macho yake yalimtazama mtoto, yakalengwa na machozi. Akafungua mdomo, na kooni mwake ikatoka sauti ile ya jikoni, tulivu, isiyo na haraka.

"Ngoya."