Chumba Kisichojibu

Jamani, simu ya Fyuzi ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia mchana kweupe, tena siku ambayo nusu ya mji haikuwa na umeme! Na kama hujawahi kulea kundi la wateja wa kampuni ya umeme siku ya giza, huwezi kuelewa kwa nini alitimua mbio kama anafukuzwa na nyuki hadi jengo la mafundi simu, kilemba kimekaa upande, viatu mkononi.

Maana ndiyo kazi yake hiyo, mlezi wa kundi. Kampuni ina kundi la wateja mtandaoni, watu maelfu, na mtu mmoja ameajiriwa kuwakaribisha, kuwajibu, kuwatuliza na kumeza matusi yao huku anatabasamu. Walezi wa makundi mengine walimpa jina la Fyuzi kwa sababu huvumilia, huvumilia, halafu pah!

Jengo lilikuwa limefurika. Vioo vya simu vinamelemeta, lehemu inanuka, redio zinapigana kelele. Fyuzi akajipenyeza hadi kwenye meza ya fundi, na pembeni yake kasimama kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mikono yake ingekata mkate. Anaongea na simu kwa upole wa daktari:

"Mpendwa mteja, ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi."

Fyuzi akaangua kicheko.

"Samahani, dada, nimechekesha?"

"Sentensi hiyo! Mimi naila asubuhi, mchana na jioni. Unalea kundi gani?"

"La kampuni ya maji. Wewe?"

"Umeme."

"Pole sana!"

"Pole mwenyewe. Sisi tukikata, watu wanalala. Nyie mkikata, watu wananuka."

Fundi akainua kichwa. "Kumbe nyie ndio mnaotutesa? Simu zenu zitakaa hapa hadi kesho."

Walicheka mpaka machozi. Na ndoo ya kudekia ikasamehewa siku hiyohiyo.

Ikawa simu juu ya simu. Kijana alipenda kuhesabu kila kitu, Fyuzi akambatiza jina la Takwimu.

"Laazizi," angesema kijana, "wiki iliyopita uliniambia unanipenda mara nyingi kuliko wiki hii. Tunashuka?"

"We mwanaume, mapenzi si mita ya maji!"

"Nauliza tu, kipenzi. Nijipange."

"Jipange kuninunulia kilemba kingine, hiki kimekufa kwa ajili yako."

Wote wawili walikuwa wanachama wa Jukwaa la Walezi, mahali pa mtandaoni wanapokutana wanaolea makundi: ya hospitali, ya benki, ya wapangaji, ya wafuga kuku. Pazuri, tuseme ukweli. Ukikwama unapata wa kukuelekeza, ukifukuzwa unasikia kazi mpya. Lakini napo pana yake! Mgeni anakaribishwa kwa shangwe kama bibi harusi, kesho yake hakuna anayemkumbuka. Watu walewale ndio wanaoongea. Kila mtu anampigia mwenzake makofi, hata kwa neno ambalo hajalisoma.

Basi Mwenyekiti wa Jukwaa, mama wa miwani ya dhahabu na sauti ya matangazo, akamwomba Takwimu alikague Jukwaa zima: uzuri wake na upungufu wake. Majibu ayasome kwenye mkutano wa mwaka, mbele ya walezi wote ana kwa ana.

Siku ya mkutano Fyuzi alivaa gauni la manjano aliloshonewa na dada yake, kiuno kimekaa sawasawa, hereni zinacheza. Alikaa mstari wa mbele kama mke wa waziri. Takwimu akaanza, na alikata bila huruma! Makofi ya bure, wageni wanaosahaulika, masomo ya ulezi yanayouzwa humo kwa sifa za uongo. Ukumbi unaguna, Mwenyekiti anakunja uso, Fyuzi anajisemea kimoyomoyo, huyo ni wangu, mwacheni aseme.

Halafu akasema, "Mwisho, Chumba cha Kupumua. Watu wanaandika shida zao humo, na karibu zote hazina jibu hata moja. Chumba hiki kimekufa. Napendekeza kifungwe."

Mwenyekiti aliruka kama aliyekuwa anasubiri. "Naunga mkono! Tena kinatutia aibu mbele ya wafadhili. Mwisho wa mwezi, kinafungwa."

Fyuzi alihisi kama kamwagiwa maji ya baridi.

Chumba kile alikianzisha yeye. Na kilikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: aliyelia hajibiwi kwa maandishi, anapigiwa simu. Walezi wanaandika kutwa nzima hadi vidole vinakufa ganzi, nani anataka kuandikiwa tena? Kwa hiyo unaeleza shida yako, unamalizia na "nipo hadi saa fulani", na namba yako wanachama wanaiona. Basi. Siku mteja mmoja alipobandika picha ya Fyuzi na maneno "huyu ndiye anayetuzimia taa", na watu wakaanza kuulizana anakaa wapi, Fyuzi alijifungia msalani kazini akaandika humo. Simu ikalia. Mama mlezi wa kundi la wafuga kuku, hajawahi kumwona hata siku moja, akamchekesha huku jogoo wanawika nyuma yake, mpaka Fyuzi akanawa uso akarudi kwenye kiti chake.

Akasimama. "Nani kakwambia kimekufa?"

"Fyuzi," Takwimu akasema kwa upole, "nimehesabu majibu."

"Umehesabu! Haya, kihesabu na kisogo changu."

Akatoka, gauni linapepea. Kijana akamkimbilia hadi nje ya ukumbi.

"Mpenzi, nimekosa nini? Ulitaka nidanganye kwa sababu nakupenda?"

"Nilitaka uniulize! Unalala unaongea na mimi, unaamka unaongea na mimi, ukashindwa kuniuliza?"

"Basi niambie sasa."

"Sasa? Baada ya kukizika?" Akaita teksi, akaondoka.

Nyumbani, dada yake alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Ulimwambia kanuni yenyewe?" dada akauliza.

"Angeuliza."

"Mdogo wangu, umefunga mlango, umeficha ufunguo, halafu unanuna kwa nini mtu hakuingia?"

"Dada, uko upande wa nani?"

"Wa gauni langu. Umeliloweka machozi, na hicho kitambaa kinachuja rangi."

Takwimu alipiga. Fyuzi hakupokea. Akapiga tena na tena, hadi siku moja akapokea.

"Mahabuba wangu, nisikilize..."

"Mpendwa mteja, ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi." Akakata. Halafu akalia kwenye mto mpaka dada akagonga ukuta.

Siku chache kabla chumba hakijafungwa, mchana, Fyuzi yuko kazini anajibu mtu anayedai friji yake imekufa kwa huzuni. Akafungua Chumba cha Kupumua kukiaga. Akakuta ujumbe mpya.

"Mimi ndiye niliyesema hapa pamekufa. Nilihesabu ninachokiona, sikumuuliza ninayempenda. Nimempoteza, na kazini sifanyi la maana, nawajibu watu wa maji kuhusu umeme. Najua hakuna wa kunijibu, nami ndiye niliyewahesabia. Nipo hadi saa nane."

Maskini! Ile "nipo hadi saa nane" aliiga tu kwa wengine, alidhani ni adabu ya chumba.

Fyuzi akajikaza. Asipige. Akanywa maji. Akapanga kalamu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye simu.

Namba inatumika.

Akapiga tena. Inatumika. Akasubiri, akapiga. Inatumika! Anaongea na nani huyu? Wivu ukampanda hadi utosini, na hapo ndipo akaelewa. Walikuwa wao! Wale wale aliosema wamekufa, mbele ya ukumbi mzima, wanampigia. Fyuzi akacheka na kulia pamoja, wenzake ofisini wakadhani umeme umekatika tena.

Alipompata, sauti ya kijana ilikuwa imekauka.

"Fyuzi? Watu wananipigia! Mama mmoja ana kuku wanapiga kelele, kaniambia mimi ni mjinga halafu akaniuliza kama nimekula. Mwingine wa benki kanitukana vizuri tu. Wamenieleza kila kitu."

"Wangapi?"

"Sijui. Sikuhesabu."

Moyo wa Fyuzi ukayeyuka palepale kitini. "Nami nisamehe, roho yangu. Ningekwambia. Nilifanya kitoto, nilitaka ujue bila kuambiwa."

Takwimu akaenda kwa Mwenyekiti kufuta maneno yake. Mama akashangaa, akafurahi, akampigia Fyuzi.

"Binti yangu, kumbe ni hazina! Basi hatukifungi. Tutaweka jina la mfadhili juu, na kila anayepiga atajaza fomu fupi: kampigia nani, wameongea nini, kwa muda gani."

Takwimu alikuwa kakaa karibu, anasikia. Wakatazamana. Kijana mwenyewe, mpenda hesabu, akatikisa kichwa: hapana.

"Mama," Fyuzi akasema, "shikamoo, na asante. Kifunge."

"Unasema?"

"Kifunge leo ukitaka. Mlango ni wako. Simu ni zetu."

Ungeona kilichotokea chumbani siku ya mwisho! Waliokuwa kimya miaka yote wakajitokeza, mmoja baada ya mwingine, kila mtu anaandika jina la kazi yake na namba yake, chukueni, nakilini, pigeni. Mwenyekiti anafuta, wao wanaandika. Jioni chumba kikazimwa. Simu ya Fyuzi haikunyamaza hadi chaji ikaisha.

Ndiyo maana siku iliyofuata walirudi kwa yule fundi, betri imechoka. Jengo limejaa kama kawaida, redio zinagombana. Fyuzi kavaa lile la manjano, sasa limechuja kifuani, na hajali. Kilemba ni kipya. Takwimu akaweka kiganja juu ya meza ya fundi, katikati ya skrubu, na ndani yake pete.

"Safari hii sijahesabu chochote," akasema. "Nakuuliza tu. Utakubali nikuoe?"

Fundi akazima redio yake. Jirani akazima yake.

Fyuzi akavuta pumzi. "Mpendwa mteja, ombi lako limepokelewa."

"Na linafanyiwa kazi?"

"Linafanyiwa kazi nini, we mwanaume? Nivishe!"