Kidole Chenye Mafuta

Kila asubuhi Chiriku alijipaka mafuta mpaka viwiko vikang'aa, ndipo akaridhika. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa ajili ya mdomo wake. Akianza kuongea, wenye redio huizima. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye, basi shangazi yake akamchukua kazini, kwenye maabara ya kuchunguza virusi.

"Kuuliza, uliza utakavyo," shangazi alimwonya mlangoni. "Kugusa, hapana. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi."

Na kuuliza aliuliza! Ile chupa ya rangi ya waridi, inayopashwa joto kwenye beseni la maji vuguvugu, ni ya nini?

"Ni chakula cha seli," shangazi alijibu huku akifunga vifungo vya koti lake jeupe. "Hakina mafuta hata kidogo. Kirusi kikiingia ndani ya seli, hutumia vifaa vya seli hiyohiyo kuibandika protini yake kipande cha mafuta, mfano wa mkia. Kwa mkia huo protini inang'ang'ania utando wa seli. Hata protini zetu wenyewe, nyingi zina mikia hiyo."

"Kumbe kirusi ni mwizi!"

"Tena mwizi wa mchana kweupe. Sasa tuna dawa tunayotumaini itazuia mkia usibandikwe. Leo nitazipa seli mafuta yenye alama ya kung'aa. Protini ya kirusi iking'aa, dawa imeshindwa. Lakini mafuta mengine yakiponyoka yakaingia kwenye chakula hiki, protini itabeba hayo badala yake. Haitang'aa, na sisi tutadhani dawa imefanya kazi."

Mara shangazi akaitwa chumba cha pili. Chiriku akabaki na chupa, na chupa ikabaki na Chiriku. Je, inanukia kama sharubati? Anuse tu, mara moja, nani atajua? Akafungua. Kifuniko kikamteleza vidoleni, kikaangukia mapajani. Akakipangusa ndani kwa kidole gumba, akakirudisha upesi. Shangazi alipoingia, alimkuta ameketi kwa adabu zote.

"Mbona kimya leo? Unaumwa?"

"Hapana, shangazi."

Shangazi akaipangusa chupa kwa nje kwa spiriti, akaingia nayo chumba cha ndani. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Ikiwaka hiyo, ni marufuku kuingia wala kugonga.

Chiriku akatazama mikono yake. Loo! Vidole viling'aa kwa mafuta ya asubuhi.

Mkuu wa maabara akaja kusimama kando yake, akachungulia kupitia kioo. Wafanyakazi walimwita Kizibo, kwa sababu akikuta chupa iko wazi huwaka kama kiberiti.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba. Mwombee shangazi yako. Majaribio yake yameharibika mara nyingi. Leo nataka jibu safi, la sivyo naifunga kazi hii."

Chiriku akawaza. Akisema, kazi ya shangazi itafungwa. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe, na shangazi atashangiliwa. Nyuma ya kioo shangazi alifungua chupa, akachovya mrija, akaunyanyua kuelekea kwenye seli.

Chiriku akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Shangazi, usimimine! Nimeigusa! Nilikuwa na mafuta mikononi!"

"Wewe mtoto!" Kizibo alifoka. "Huoni taa?"

Shangazi akaganda, mrija ukiwa hewani. Hakuwa amemimina hata tone. Akauweka chini, akatoka. Chiriku alieleza yote huku akilia, tangu kunusa hadi kidole gumba. Hakuwa na pa kuuweka uso.

Kizibo akasikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kwenye friji, akatoa chupa nyingine, akaitumbukiza mwenyewe kwenye maji vuguvugu. Jaribio likaanza upya.

Majibu yalipotoka, protini ya kirusi iling'aa waziwazi. Dawa ilikuwa imeshindwa. Chiriku akainamisha kichwa.

"Basi kazi imefungwa?"

"Nani kasema?" Kizibo aliuliza. "Nilitaka jibu safi, nimelipata. Kesho shangazi yako anaanza na dawa nyingine."

Shangazi akamvuta karibu. "Uliposhika chupa ulikosea, na nimekasirika. Lakini fikiri, mwanangu. Ungenyamaza, protini isingeng'aa. Tungeshangilia hapa, halafu siku moja mgonjwa angeitegemea dawa isiyomsaidia. Kukubali kosa kunatia aibu, ila kunawalinda watu usiowajua."

"Na huo mdomo wako," Kizibo aliongeza, akizuia kicheko, "usiufunge kizibo. Utumie hasa pale unapotamani kunyamaza. Sasa nenda kanawe mikono, kwa sabuni!"