Dumuzi Aliyejua Kuhesabu

Jua lilikuwa linazama fundi seremala alipoinama kupiga msasa kitanda cha mtoto. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kitanda alikichonga kwa mbao za mlango wa zamani, uliong'olewa nyumbani kwa bibi mmoja ambaye majirani walinong'ona kuwa ni mchawi. Mbao ni mbao tu, fundi alisema.

Tik. Tik. Tik.

Dumuzi. Hakushtuka. Mdudu huyo mtoboa mbao hugongesha kichwa ndani ya tundu lake akimwita mwenzake. Aliyemfunza kazi alimwonya: gonga mara moja kwa penseli, akikujibu, tupa ubao. Usipige naye soga.

Lakini fundi alipenda mzaha. Akagonga mara mbili.

Tik. Tik.

Akagonga tano.

Kimya… Kisha tano, polepole, kama mtu anayehesabu.

Nywele zikamsimama. Mbao kavu zikaanza kunuka udongo mbichi.

Mkewe akatokea mlangoni, kashika tumbo. "Unafanya nini huku? Mtoto anaruka kila ukigonga. Mara mbili. Halafu mara tano."

Fundi alikiburuta kitanda hadi uani, akakimwagia mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Ndani ya moto kuligongwa kwa kasi, kwa hasira, mpaka yakabaki majivu.

"Yameisha," akasema, akijikaza kiume.

Mkewe alikuwa amekaa chini mlangoni, uso umemsawajika.

"Mume wangu… mtoto hachezi."

"Amelala huyo."

"Hachezi kabisa! Nimembonyeza, nimekunywa maji baridi. Amekuwa mzito tu."

Fundi akapiga magoti kando yake. Akachomoa penseli sikioni, akagonga fremu ya mlango. Mara moja.

Tumbo likaruka.

Mkewe akacheka huku akilia. Fundi akashusha mkono, akamshukuru Mungu. Mtoto akatulia. Akawa mzito tena.

Fundi akagonga. Mtoto akacheza.

Fundi akaacha…

"Usiache," mkewe akanong'ona. "Nakuomba, usiache."

Zilibaki wiki nne. Walipokezana penseli ile usiku na mchana, mmoja akila, mwingine akigonga. Na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake ni nani hasa waliyekuwa wakimwita.