Nipokee

Recheli aliporudi na chupa ya chai, alimkuta wakili Adinani ameinamisha bega la kushoto kama mtu aliyebeba gunia la mpunga.

"Nani ameingia?" wakili akauliza.

"Ni mimi, Recheli."

"Kabla yako. Katoa shikamoo pale mlangoni, nikaitikia. Akasema, 'Nipokee.' Nikanyoosha mikono, nikidhani kaleta majalada. Sikushika kitu."

Recheli akatazama nje. Mtaa wa Gongoni ulikuwa mweupe kwa jua, na mlangoni hapakuwa na mtu, ila harufu ya jasho na kamba kuukuu.

Wakili Adinani alikuwa haoni tangu utotoni. Recheli alimsomea majalada ya kesi, na kila mgeni alipoingia, alimtaja jina kwanza, ndipo wakili aitikie salamu. Hiyo ndiyo kanuni yao. Siku hiyo ilivunjwa kwa sababu ya chai.

"Adabu itaniua," wakili akatania. Hakujua.

Kesho yake ngozi ya bega ilikuwa imechubuka hadi nyama. Recheli aliposoma, kila alipofika kwenye nukta alisikia mtu akihema nyuma ya kiti cha wakili. Kabla ya adhuhuri mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu. Hospitalini daktari aliuliza ni kitu gani kilichomwangukia.

Dada mkubwa wa wakili, Bi Mwanne, anayetibu watu wenye majini, alikuja ofisini na chetezo. Akanusa mlango.

"Huyu ni wa njia ya misafara," akanong'ona. "Mpagazi. Alianguka na pembe ya ndovu begani, akawa anawasalimia wanaopita, hakuna aliyeitikia. Wewe umemwitikia, mdogo wangu."

"Sikujua, dada."

"Yeye hilo halimhusu. Atasalimia tena. Asiitikie mtu humu ndani mpaka ubani uishe. Akikosa wa kumjibu, ataondoka na mzigo wake."

"Na wewe, binti," akamgeukia Recheli, "ufunge mdomo. Nyie mliolelewa vizuri ndio mnaotuponza."

Moshi ukapanda. Ikaja sauti ya upole mlangoni. "Shikamoo."

Wakakaa kimya.

"Shikamoo." Sasa ilitoka chini ya meza.

Kisha kichwa cha wakili kikashuka kwa kishindo, meno yakagonga mbao, damu ikaruka juu ya majalada, na kabla hajavuta pumzi kikashuka tena, na Bi Mwanne alipomkimbilia alinyanyuliwa akatupwa kwenye kabati la vioo, akabaki pale na vipande mkononi na shingoni akiendelea kusoma dua kwa midomo iliyopasuka, huku shingo ya wakili ikizidi kupinda, mishipa imetuna, ulimi umetoka, na ile sauti, bado ya upole, bado yenye heshima, ikisalimia sikioni mwa Recheli, ikisalimia tena, ikisalimia tena, na ubani haujafika hata nusu.

Mfupa wa shingo ukaanza kulia.

"Marahaba," Recheli akasema. "Lete, nikupokee."

Ile sauti ikakoma. Wakili akainua kichwa taratibu, akatema jino.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Ameondoka, wakili. Pumzika."

"Recheli. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu." Sauti ilikuwa yake, ila ilitoka kwa kubanwa. "Nimpeleke dada hospitali, au kwanza nikufute damu?"

Wakili alikuwa anasikiliza. Alizijua hatua za binti huyu, nyepesi, za mtu anayechelea kuwaamsha wengine. Sasa zilimjia polepole, moja, kisha nyingine, na chini ya kila hatua alisikia sakafu ya saruji ikipasuka.