Lupe Akariri Aya Yake Kanisani

Kila jioni, sala ya nyumbani ikiisha, watoto wa kijiji walikariri aya zao. Jumapili ya nguo nyeupe, sikukuu ya watoto, ilikuwa inabisha hodi. Siku hiyo kila mtoto husimama peke yake mbele ya kanisa zima. Lupe aliijua aya yake yote. Ulimi ndio uliomgomea.

"Bwa-bwa-bwa..."

"Bwana!" baba yake, Tavita, alimmalizia. "Rudia! Unataka kututia aibu?"

Lupe alirudia. Akakwama tena, machozi yakamlengalenga. Shuleni alishaacha kunyoosha mkono. Dukani alionyesha vitu kwa kidole tu, kama bubu.

"Kigugumizi kililetwa na mbwa aliyemtisha alipokuwa mdogo," alisema mama yake, Fetu.

Jirani yao Sina alikuwa ameleta magimbi. Kazi yake katika hospitali ya mji wa Apia ni kuwasaidia watoto wenye shida ya kusema. Alishindwa kunyamaza.

"Si mbwa, dada, wala si uvivu. Chanzo chote cha kigugumizi hakijulikani bado. Ila ubongo wa mtoto huyu hupanga usemi kwa njia yake, na mara nyingi jambo hili hurithiwa katika ukoo. Mkimharakisha na kumwaibisha, mnamzidishia. Hapa hakuna mwingine mwenye kigugumizi?"

Tavita alitazama mkeka.

"Mi-mi-mimi," alisema. "Tangu utotoni, nakificha tu. Mnadhani kwa nini vikaoni sifungui mdomo?"

Lupe alimkodolea macho. Baba yake mwenyewe! Alimkasirikia, akamhurumia palepale.

"Basi usimmalizie maneno," Sina alisema. "Mtazame, msubiri. Na mlete hospitalini, tumfundishe kusema bila kujikaza."

Wakampeleka. Kigugumizi hakikuisha, lakini nyumbani hakuna aliyemkatiza tena.

Jumapili ikafika. Lupe alisimama mbele ya kanisa akiwa amevaa gauni lake jeupe.

"Bwa... Bwa..."

Mtu akacheka nyuma. Tavita akafungua mdomo amsaidie, kisha akaufumba. Jasho lilimtiririka. Alimtazama binti yake tu, akasubiri.

"Bwa-Bwana," alisema Lupe, akaendelea, akikwama na kujikwamua, mpaka neno la mwisho. Fetu alilia bila kujificha.

Mchana watoto walikula kwanza, wazazi wakiwahudumia, kama ilivyo desturi ya siku hiyo. Lupe hakuonyesha kwa kidole.

"Ba-ba-baba, niongezee k-kuku!"

Tavita alingoja amalize. Kisha, mbele ya ukoo mzima, akauliza, "Ki-ki-kiasi gani?"

Lupe akacheka. "J-jaza sahani!"