Maboga ya Nyuma ya Jiko

Je, umewahi kuona boga limepanda juu ya ua, likakaa pale kama kuku anayetaga? Mimi nimeliona, nyuma ya jiko langu mwenyewe.

Kila siku baada ya shule, mjukuu wangu, tuliyempa jina la Chiriku kwa kupenda kuongea, alimsaidia shangazi yake, binti yangu, kwenye banda la kukamulia mbegu za mbono. Mafuta ya mbegu hizo ndiyo yaliyoendesha injini ya kusaga unga. Kazi ya Chiriku ilikuwa kubeba mashudu, yale makapi meusi yanayobaki, akayamwage shimoni ng'ambo ya bonde. Yana sumu, hata mbuzi hapewi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mashine. Alijua kila mlio wake.

Siku moja shangazi alizima injini mapema.

"Mama, nafunga banda. Mbegu, kukamua, kuchuja, gharama zote zinabebwa na mafuta peke yake. Dizeli ya dukani ni nafuu."

Moyo uliniuma. Nikabadili mazungumzo. "Angalau maboga yetu yametia fora. Sijui yamekula nini!"

Chiriku, asiyenyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, akatazama vidole vyake vya miguu.

"We mtoto, umemeza kufuli?" shangazi akamtania.

"Shangazi, mimi sikuwa nikifika shimoni. Ng'ambo ya bonde ni mbali. Tangu mwaka jana namwaga mashudu nyuma ya jiko, halafu nakudanganya." Akaanza kulia.

Shangazi alichukua jembe, akachimba chini ya maboga. Udongo ulikuwa laini, umejaa minyoo. Akaunusa, akasema, "Kumbe yakioza, sumu inapungua na yanakuwa mbolea!"

Tulilima matuta mawili ya mchicha, moja lenye mashudu yaliyooza, jingine bila. Ungeona tofauti! Muda si mrefu wenye bustani walikuja na magunia kununua mbolea. Mashudu yakayapokea mafuta nusu ya mzigo wa gharama, na injini ikaendelea kunguruma. Nani angedhani uchafu ule ungeokoa banda?

Chiriku alipewa adhabu ya kufua magunia yote. Aliyafua bila kununa.

"Uvivu wako haukutusaidia, usijidanganye," shangazi alimwambia. "Mbuzi wangeingia pale tungelia. Kilichotuokoa ni kusema kweli huku ukijua utakemewa. Haya, sema, unataka nikupe nini?"

Chiriku akaitazama injini.

"Nataka unifundishe kuwasha mashine."