Fremu za Mvule

"Elfu arobaini, Yunusi. Si thelathini, si kesho. Elfu arobaini, na sitoki hapa."

"Nikulipe kwa picha zinazovuja maji, fundi?"

"Picha haivuji. Mimi natengeneza fremu, sitengenezi mabomba."

Jua lilikuwa linazama. Nilitoka kununua misumari, nikapita kwake nichukue changu niende nyumbani. Yunusi alikuwa na nyumba ya wageni hapa Ifakara, na mwaka ule wa tisini na sita alitaka ukumbi wake uwe tofauti. Wenzake wanabandika kalenda. Yeye aliagiza Dar picha zilizochapwa kwenye turubai, za uvumbuzi wa zamani wa mafundi wa meli: injini ya mvuke, meli yenye magurudumu ubavuni, na mzamiaji wa kofia ya shaba, mpira wake wa hewa umepanda hadi kwenye mashua ambako watu wawili wanazungusha pampu.

Mbao alileta mwenyewe. Mvule mzee, mweusi, mzito. Nilimuuliza zimetoka wapi. "Milango ya zamani," akasema. Nikakata, nikapigilia, nikavuta turubai zikakaza kama ngoma. Kazi safi, na ninajua kazi yangu.

"Ingia uone mwenyewe," akasema.

Mvua haikuwa imenyesha miezi. Nje vumbi tupu. Lakini sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa.

Nikagusa turubai. Kavu. Nikagusa fremu... Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mbao, polepole, kama jasho. Harufu ya tope na kambare.

Kisha nikasikia.

Gu... gu... gu...

Kafi linagonga ubavu wa mtumbwi. Ndani ya ukuta.

"Tangu lini?" nikanong'ona.

"Tangu juzi. Na mimi kifua kinanibana, fundi. Kama pumu, na sijawahi kuwa na pumu."

Mkewe Siwema alikuwa amesimama pembeni, kanga mdomoni. "Mtazame mzamiaji," akaniambia.

Nikatazama. Kwenye pampu alikuwapo mtu mmoja.

Turubai ile niliivuta kwa mikono yangu. Walikuwa wawili.

"Mwambie fundi mbao ulizitoa wapi," Siwema akamwambia mumewe. Yunusi akaishusha usoni kofia yake iliyodariziwa viua, akatazama chini. "Haya. Nimemwita mwenye mbao," Siwema akasema.

Aliyeingia ni Aurelia, mjane wa Kelestini, yule mvuvi aliyezama wakati wa mafuriko na mwili wake haukuonekana. Hakuamkia mtu. Akapitisha kiganja kwenye fremu, taratibu, hadi kwenye vitundu vya misumari nilivyodhani ni vya bawaba.

"Hapa kiboko alipouma," akasema. "Bati niligongea mimi."

Kiganja akakiacha palepale.

"Mtu akizama asionekane, mtumbwi wake hauguswi na yeyote. Unaachwa ukingoni umeelekea maji, apate cha kurudia. Hilo hata mtoto wa kijijini kwetu Michenga analijua." Akamgeukia Yunusi. "Nilipokuta haupo, nikajua amekuja kuuchukua. Nikaanua matanga. Nikaacha kulia."

"Ulikuwa umelala tu pale, mama," Yunusi akasema. "Nikaona mbao nzuri."

Mimi hasira ikanipanda kichwani. "Nabomoa sasa hivi. Tunaurudisha."

"Vipande vyote?" Aurelia akauliza.

Mabaki niliyokata, mke wangu aliyapikia. Wali tuliula, tukasifu moto wa mvule.

Yunusi akakohoa. Akakohoa tena. Akaketi sakafuni, mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki aliyetupwa kwenye jamvi.

"Hewa..." akasema.

Nikainua macho kwenye picha.

Kwenye pampu hapakuwa na mtu.

Tulimlaza ubavu. Maji yakamtoka kinywani, maji ya mto, na majani yake, mengi kuliko anayoweza kubeba mwanadamu. Kisha yakakoma, na yeye akakoma.

Alfajiri nilizibomoa fremu, nikazifunga mbao kwa kamba, nikazipeleka ukingoni, nikazielekeza majini. Sikumficha Aurelia kitu. Katikati palikuwa na pengo la kupita mtu mzima. Akaliangalia pengo lile, akajifunga kanga kichwani, akaanza kulia upya.

Siwema alihamia kwao. Kabla ya kuondoka alinitumia elfu arobaini zangu, mbichi, zikinuka kambare, na ile turubai ya mzamiaji. Hakutaka kubaki nayo. Nimeichoma mara mbili. Haishiki moto.

Kwenye pampu amerudi mtu mmoja. Amevaa kofia ya viua kama ya Yunusi, anazungusha peke yake, na mpini wa upande wa pili uko wazi.

Nami siku hizi kifua kinanibana.

Kila jua likizama naacha randa na kusikiliza. Gu... gu... inapanda barabara kavu, inakuja hadi mlango wa karakana. Inatulia. Halafu sauti ya mtu mwenye maji kooni, ya upole, isiyo na haraka:

"Fundi. Nipe mtumbwi wangu. Wote."